Mchanga wa Nyumba ya Mwisho

10 Januari 1955, Jumatatu

Shule yetu ilipofungwa niliondoka na daftari hili tupu, nikaliweka mwaka mzima bila kuandika neno kwa sababu sikuona la kuandika. Leo nimeanza. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichokuwa nikifundisha, na Kikuyu katika nyumba hii kimebaki cha kugombana.

Nyumba yenyewe ni ya mwisho katika kijiji walichotujengea hapa shambani, karibu na ziwa Elmenteita. Au niseme tulijijengea wenyewe, askari wa serikali wakisimama na bunduki. Kimezungushwa seng'enge, na nje ya seng'enge kuna handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Nyuma yetu kuna kilima cha mchanga, na juu ya kilima mnara wa askari. Mume wangu Kang'ethe yuko kizuizini. Mimi naishi na mama yake, Wanjugu, ambaye miguu yake ilikataa kazi mwaka juzi. Mdomo haukukataa.

Binti yetu yuko mashamba ya Bahati kwa dada yangu Wachuka. Alikwenda kutembea tu, wiki moja, na ndani ya wiki hiyo tukafungiwa. Alikuwa na miaka minne, sasa ana mitano. Anaitwa Wanjugu pia, kama desturi yetu inavyotaka, msichana wa kwanza achukue jina la mama wa baba yake. Kwa mama mkwe hilo si jina tu. Ni yeye mwenyewe aliyezaliwa tena akiwa na miguu mizima.

“Lini utaniletea yule mimi mdogo?” ananiuliza kila jioni, kana kwamba nimeficha pasi ya kusafiri chini ya nguo.

Kila asubuhi askari Kemboi hupita akiita majina. Wenye miguu husimama mlangoni. Mama mkwe huitwa akiwa kitandani, gizani.

“Wanjugu?”

“Sijafa bado!”

Kemboi hacheki. Huendelea na njia yake.

12 Januari

Upepo. Uji una mchanga.

17 Januari

Leo wanawake wote tumetolewa kwenda kuchimba handaki upya. Upande wetu, chini ya kilima, lilikuwa limejaa mchanga mpaka vijiti havionekani. Kemboi alisimama juu ya kichwa changu akisema chimba, mama, chimba mpaka chini. Nikachimba. Mchanga ule mlaini wa kijivu, ukitoa karai moja inateremka nusu karai.

Zamani kilima hiki hakikuwa na shida na mtu. Kilikuwa kimefunikwa na vichaka vya leleshwa na nyasi, mbuzi wakilala kivulini. Mwezi wa tisa ikaja amri kwamba askari hawaoni vizuri kutoka mnarani, tufyeke leleshwa yote. Tukafyeka. Amri ilikuwa kufyeka tu. Kung'oa visiki lilikuwa wazo letu, na tuliling'ang'ania. Makaa ya kisiki cha leleshwa yanakaa na moto usiku kucha, na hatukuruhusiwa kwenda msituni kutafuta kuni. Mama mkwe ndiye aliyenisukuma zaidi. “Hayo mengine ni kuni zilizoungua,” alisema. “Mimi niletee makaa.” Tukang'oa kilima chote, tukiimba.

20 Januari

Handaki limejaa tena. Tumechimba.

26 Januari

Nimekwenda ofisini kwa mzungu, bwana wa shamba hili, kuomba pasi ya siku moja, niende Bahati nimchukue mtoto. Nimevaa gauni la kufundishia. Karani akaniuliza mtoto ana kosa gani kule. Nikamwambia hana kosa. Akasema basi, hakuna sababu ya kumtoa. Nikamwomba basi aletwe na mtu. Akasema hakuhesabiwa hapa siku ya kuhesabiwa, kwa hivyo hapa si kwake, na mtoto asiyehesabiwa akikutwa kijijini anapelekwa rizavu, kule walikotengewa Wakikuyu, na lori la kwanza, awe na mtu au asiwe naye.

Niliporudi Kemboi alikuwa langoni. Akafungua bila kunitazama. Namchukia kijana huyu. Ana shingo nyembamba kama ya kuku na amepewa funguo za watu mia.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Wewe ndiye uliyemruhusu aende.” Nikatoka nje nikachota mchanga mlangoni, kwa hasira, mpaka mikono ikatoka malengelenge.

31 Januari

Jua. Ziwa limerudi nyuma tena, na pale lilipokuwa pamebaki magadi meupe. Ndege wale, heroe, wamehama. Wenye mabawa.

3 Februari

Amekuja mzungu mpya na hema na makarai yake mwenyewe. Si askari wala si mkulima. Anapanda kilima akikitazama kama mtu anayetaka kununua ng'ombe, anashika mchanga, anauweka ulimini. Wanawake wameshampa jina, Bwana Mchanga. Anataka watu wa kumchimbia shimo. Mimi nimechukuliwa kwa sababu najua kuandika, niandike vibandiko vya mifuko ya mchanga anaochukua kuuchunguza.

Mama mkwe amefurahi kupita kiasi. “Mwanangu yuko kizuizini na mke wake anaweka mchanga mifukoni,” anamwambia kila anayepita.

9 Februari

Shimo sasa linamzidi mtu urefu. Bwana Mchanga ameunyoosha ukuta wake kwa mwiko, kama fundi anayepiga lipu, na leo akaniita niteremke nione. Nilidhani kilima ni mchanga mtupu. Sivyo. Juu mchanga, halafu mstari mweusi wa unene wa shubiri, halafu mchanga tena mwingi, halafu mstari mweusi mwingine.

Kiswahili chake ni kile cha masetla wenye mashamba, hakina mbele wala nyuma, lakini ana subira.

“Hii mweusi ni wakati ya mvua,” akasema. “Mvua nakuja miaka mingi. Majani naota, miti naota, mchanga nalala. Halafu jua nakuja. Majani nakufa, mchanga naamka, natembea. Halafu mvua tena, nalala tena.”

Nikamuuliza kilima kililala lini mara ya mwisho. Akasema zamani sana, kabla ya babu wa babu zetu, ziwa lilipokuwa kubwa na maji yake yakifika hapa karibu. Katika ule weusi akanionyesha vijitundu vyembamba vinavyoshuka, vyeupe ndani kama uzi. Akasema hiyo ni njia ya mizizi iliyokufa.

“Sasa ni jua lililokiamsha?” nikauliza.

Akatikisa kichwa. “Jua kama hii ilikuja mara nyingi. Mchanga hapana amka. Mizizi nashika yeye. Nani nang'oa mizizi?”

Niliangalia mikono yangu. Weusi wa makaa bado uko chini ya kucha, hautoki hata kwa sabuni ya magadi. Niliandika kibandiko chake nikapanda ngazi.

10 Februari

Nimemwambia mama mkwe. Kwanza akamaliza kunusa ugoro. Halafu akasema, “Kwa hivyo tumekuwa tukichoma kamba iliyomfunga ng'ombe.” Hakuniomba makaa leo. Usiku alitetemeka, nikamwekea hata hivyo.

11 Februari

Handaki. Mchanga. Handaki.

16 Februari

Katikati ya ile mistari miwili myeusi, ndani ya mchanga, tumefika kwenye majiko ya watu. Mawe matatu, majivu, kipande cha chungu chenye michoro ya kucha. Nilikishika. Aliyekifinyanga alikuwa na kidole kidogo kama changu.

Nikauliza watu hao walikwenda wapi.

“Nahama,” Bwana Mchanga akasema. “Mchanga nakuja, watu nahama. Mvua nakuja, watu narudi.” Kwake ni jambo dogo, kama kusema watu wamekwenda sokoni.

Nimeliwaza siku nzima. Watu hawa, pengine hata jina la Mungu hatukuliita sawa, mchanga ulipowafikia walibeba chungu kile kingine ambacho hakijavunjika, wakafunga watoto mgongoni, wakaenda. Hakuna aliyewauliza walihesabiwa wapi. Sisi mchanga unatujia na seng'enge imetushikilia mahali pamoja tuungoje.

22 Februari

Mchanga umefika dirishani upande wa nyuma. Nimeomba tuhamishiwe upande wa lango, kwenye kibanda kimoja kilichobaki kitupu. Jibu limetoka jioni, kwamba nyumba hazihamishwi bila mkuu wa wilaya. Nitoe mchanga.

Natoa asubuhi na jioni. Nisipotoa siku moja mlango haufunguki, na ndani kuna mtu asiyeweza kuinuka. Bwana wa shamba anafikiri ni seng'enge inayonizuia hapa. Naandika kwa sababu siwezi kulisema popote, kinachonizuia ni huyu mama. Hata lango likiachwa wazi kesho sitakwenda popote, na yeye anajua, na ndiyo maana ananitukana.

1 Machi

Leo jambo la ajabu. Upepo wa magadi ulipiga tangu asubuhi, mweupe, unachoma pua. Kemboi akashuka kutoka mnarani akipapasa kama kipofu, macho yamevimba. Mlango wa kwanza aliougusa ni wetu.

Mimi ningemwacha papo hapo. Mama mkwe akaniita kwa sauti kutoka kitandani, “Mama Wanjugu, mtoto wa watu anapofuka mlangoni kwako. Mwoshe.”

Nikamkalisha juu ya debe, nikamwosha macho kwa chai ya rangi iliyopoa. Alilia machozi ya magadi. Halafu akaanza kusema, bila kuulizwa. Kwao ni Baringo. Mbuzi wa baba yake wamekwisha. Nyasi zilipoisha baba alitaka kuhama na wanyama kama walivyohama siku zote, akaambiwa hapo ni mpaka, asivuke.

“Hata mimi niko ndani, mama,” akasema. “Nikishuka mnara bila ruhusa nafungwa. Sasa hivi nimeshuka.”

“Basi kapande,” mama mkwe akamwambia. “Na kesho uniite kwa adabu.”

Akacheka. Ana meno ya mtoto.

2 Machi

“Mama Wanjugu mkubwa, umeamka?”

“Sijafa bado!”

8 Machi

Bwana Mchanga amefunga mifuko yake akaenda. Aliniaga kwa mkono. Shimo ameliacha wazi, limeshajaa nusu. Nilimuuliza mvua ikija kilima kitalala baada ya muda gani. Akasema majani yakishika, mchanga unatulia upesi tu. Ila wakati huu wetu, hata ukiwa mrefu kwetu, utabaki mstari mwembamba, mtu akichimba asipoangalia vizuri hatauona.

Nikamwambia mwanangu yuko ndani ya mstari huo. Sijui kama alinielewa. Alivaa kofia yake.

15 Machi

Mchanga umegusa paa kwa nyuma. Natoa wa mbele tu.

19 Machi

Wanawake tumeacha kuzungumza handakini. Tunatoa mchanga, upepo unarudisha, tunatoa. Leo mmoja alikaa chini katikati ya kazi, akaweka karai kichwani kama kofia, akacheka mpaka tukaogopa.

24 Machi, Alhamisi

Kemboi alikuwa Bahati na lori la posho. Jioni akaja kukagua nyumba, kitu ambacho si zamu yake, akasimama akitazama paa.

“Kuna mama anaitwa Wachuka,” akasema akiliambia paa. “Watu wa shamba lao wote wanapelekwa rizavu Jumatatu. Lori litapita barabara hii ya chini, kati ya kilima na ziwa, saa sita saa saba hivi. Amesema kama unaweza kusimama kwenye seng'enge, atamwinua mtoto umwone.”

Nikamshukuru. Akasema hakusema kitu, alikuwa anaangalia paa.

Rizavu ni mbali, na kule hawajui kama mtoto wangu ana mama. Wakifika watapangwa upya, na nani atakumbuka? Nimekaa na mikono mapajani. Mama mkwe hakunitukana. Aliniita nikae karibu na kitanda, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vikavu, mpaka taa ikaisha mafuta.

28 Machi, Jumatatu

Niandike polepole, nisiache kitu.

Asubuhi upepo ulikuwa mkali tukashindwa kuchimba. Upande wetu handaki halikuwepo tena, na seng'enge ilionekana waya wa juu peke yake. Karibu na saa sita magadi yakainuka kutoka ziwani. Sijaona kama hiyo. Jua likawa jeupe, halafu halikuwapo. Mnara sikuuona, wala nyumba ya jirani. Nilisimama kwenye seng'enge kama Wachuka alivyoniagiza, shuka kichwani, nikijua kwamba hata lori likipita sitaona chochote. Nililia kwa hasira. Mwaka mzima, na nikapewa siku hii.

Halafu nikasikia injini chini ya kilima ikizima, na dereva akitukana. Alikuwa haoni njia, amesimama.

Sikufikiri. Niliinua mguu, waya ule ukawa chini ya goti, nikauvuka. Ni hivyo tu. Kitu kilichotuzuia tangu mwaka jana nilikivuka kama kizingiti. Nikazunguka kilima kwa magoti na mikono, mchanga ukiniteremsha, nikimwita Wachuka kwa sauti isiyofika hata kwangu. Watu kwenye lori walikuwa wamejifunika maturubai. Wachuka alinitambua kwa gauni langu la kufundishia. Akamshusha mtoto juu ya ubao wa lori kama mzigo wa viazi, akanitupia mikononi.

Mzito. Nilikuwa nimesahau kwamba angekuwa mzito.

“Rahab, kimbia,” Wachuka akasema. “Uko nje. Hakuna anayekuona. Shika njia ya Elburgon, uingie msituni kwa wapasua mbao. Kimbia sasa.”

Na ni kweli nilikuwa nje. Mtoto kifuani, uso wake amenifichia shingoni, barabara tupu pande zote mbili, na dunia nzima imefumbwa macho. Nilitembea. Nakiri nilitembea kuelekea huko, nikafika pale penye mti mkubwa wa miiba, na kila hatua nilikuwa nasikia mchanga ukianguka juu ya bati letu. Ulikuwa unamiminika mlangoni wakati huo huo. Nikiwa Elburgon jioni, yeye atakuwa amefunikwa, akiita jina langu, na atakayemtoa kesho ni Kemboi, kwa koleo.

Nilikaa chini. Nilimtukana mama mkwe kwa matusi yote ninayoyajua, ya Kikuyu na ya Kiswahili, nikamtukana na mwanawe. Mtoto akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia ni magadi. Nikageuka.

Nilipokuwa navuka waya, upepo ulipasuka kidogo nikaona miguu ya mnara, na Kemboi juu yake. Alikuwa ananitazama. Tulitazamana wazi kabisa. Halafu akageuka taratibu, akatupa mgongo, akawa anatazama ziwa, mahali ambapo hakuna kitu cha kutazama.

Mlango ulikuwa umezibwa hadi kitasa. Nikachimba kwa mikono. Ndani mama mkwe alikuwa ameketi wima, macho mekundu.

“Nilidhani umekwenda,” akasema. “Nilikuwa naomba uwe umekwenda, mjinga wewe.” Kisha akaona nilichobeba. Akanyoosha mikono yote miwili.

“Njoo hapa, mimi,” akamwambia mtoto. “Njoo nikuone ulivyokua.”

30 Machi

Mtoto analala chini ya kitanda cha bibi yake mchana. Akisikia viatu nje anatulia kama panya. Bibi anamsimulia kwa mnong'ono. Asubuhi Kemboi akiita, wale wawili wananong'ona jibu pamoja, halafu mkubwa analipaza. Wanauona ni mchezo.

Nimempata mwanangu. Nimemwingiza ndani ya seng'enge kwa mikono yangu mwenyewe.

2 Aprili

Posho yetu ni ya watu wawili. Leo nimemkamata mama mkwe akimmiminia mtoto uji wake wote. Akasema yeye hana njaa. Nikamwambia kula, mama. Akasema, “Kwani anakula nani? Si ni mimi ninayekula?” Kifua chake kinakoroma. Magadi yameingia.

Mtoto hawezi kukaa chini ya kitanda maisha yake yote. Tunalijua sote wawili.

3 Aprili, Jumapili

Mawingu juu ya Mau. Hakuna upepo. Mama mkwe ameniita niketi naye, akanipa maagizo kana kwamba naenda dukani.

“Nikienda, usipige kelele. Usimwite mtu. Huo mchanga umetusumbua vya kutosha, na mimi unifae mara moja. Uko hapo nyuma ya nyumba, tayari umeshachimbika.”

Nikamwambia aache mzaha.

“Nani anafanya mzaha? Wanahesabu Wanjugu mmoja katika nyumba hii. Wampate mmoja.”

4 Aprili, Jumatatu

Asubuhi alimjibu Kemboi kama kawaida, ila sauti ilitoka nyembamba, nusu yake ikabaki ndani. Nilimpa maji. Akamwomba mtoto apande kitandani alale naye. Kabla ya saa nne alikuwa ameshakwenda, mkono wake ukiwa kwenye nywele za mtoto. Mtoto alikuwa amelala pia, hakujua.

Sikupiga kelele. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuvuka waya, kuliko kurudi. Nilimlilia nikiuma shuka. Huyu mama alinitesa miaka saba na sijui nitagombana na nani sasa.

Mchana mvua ikaja. Ilianza kwa matone makubwa yanayotoboa mchanga, halafu ikamwagika, kila mtu akaingia ndani, hata mnara ukateremsha turubai. Nilimfunga mama kwa blanketi lake, nikambeba mgongoni kwa ukanda wa kuni. Alikuwa mwepesi. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na seng'enge, nikachimba mchanga uliolowa. Ulisimama vizuri, haukuteremka hata kidogo, mara ya kwanza msimu huu. Nilichimba mpaka nikafika udongo mweusi, ule wa zamani, wenye matundu ya visiki tulivyong'oa. Nikamlaza juu yake. Nikasema sala ninayoikumbuka, nikafunika, na mvua ikasawazisha juu.

Mtoto nilimwambia ukweli, kwamba cucu, bibi yake, amelala kwenye kilima. Akauliza kama kilima kitamwamsha. Nikamwambia mvua ikinyesha hivi, hapana.

Majirani watajua kesho au keshokutwa. Hawatasema, kila nyumba hapa ina lake. Ninayemwogopa ni mmoja, na anakuja asubuhi.

5 Aprili, Jumanne

Mvua imenyesha usiku wote na kilima hakikusogea. Mlango ulifunguka kwa kidole. Nilisimama nje nikiwa nimeshika nguzo, nikisikia viatu vya Kemboi vikija kwenye tope, nyumba baada ya nyumba. Nilikuwa nimepanga nijibu mimi kwa niaba yake. Kwamba amelala, kwamba ni mgonjwa. Nilirudia maneno hayo mpaka yakawa hayana maana.

Alifika. Alitazama pale nyuma, palipochimbwa na kutitia kidogo usiku, kwa muda. Kisha akasimama mbele ya mlango, mbali kidogo, mahali ambapo mtu haoni ndani.

“Rahab?”

“Nipo.”

“Wanjugu?”

Nikafungua kinywa niseme amelala.

Kutoka gizani, kitandani, bila mtu kumwambia, sauti ndogo ikapaa:

“Sijafa bado!”

Kemboi alivua kofia. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka usoni, hakuyafuta.

“Leo sauti yako imepona, mama,” akasema.

Akavaa kofia, akapanda kilima kwenda mnarani. Mchanga ulimshika vizuri miguuni. Nikaingia ndani kukoroga uji wa watu wawili.